Baridi ya Eldy Si Mchezo: Panga Ndai Yako Kabla Ukutane na Ukungu wa Timboroa

Kama umewahi kutoka Eldoret saa kumi na moja asubuhi mwezi wa Julai, unajua. Kioo kimejaa mvuke, vidole vimeganda kwa usukani, na mbele huoni kitu. Wasee wa Nairobi husema ati Kenya hakuna winta. Sawa, theluji hatuna. Lakini wao mvua ikikata Juni, huku kwetu inaendelea mpaka Agosti, saa zingine Septemba. Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari. Timboroa, penye barabara ya Nakuru inapita, ni zaidi ya mita 2,700. Kila mita 1,000 ukipanda, joto linashuka kama digrii 6. Ongeza msitu na unyevu, ukungu unajileta wenyewe.

Anza na taya, na uangalie vizuri

Hii wengi hawajui. Ndai zetu nyingi zinatoka Japani, na zingine zinashuka Mombasa bado zimevaa taya za theluji. Chuchumaa usome ubavu wa taya yako. Ukiona neno STUDLESS, ama majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, hizo ni za barafu. Alama ingine ni mchoro mdogo wa mlima wenye chembe ya theluji ndani.

Utasema, si basi hizo ndizo zinafaa baridi ya Eldy? Zii. Raba yake ni laini makusudi, imetengenezwa kushika barabara joto likiwa chini ya digrii 7 hivi. Huku hata Julai, mchana tunagonga digrii 20. Kwa lami yenye maji, hiyo raba inalegea, na ukikanyaga breki gari inaenda mbali zaidi kabla isimame. Broka atakuonyesha meno yake marefu akuambie ni mpya kabisa. Meno ni marefu kweli, lakini hapo sipo tatizo liko. Ukipata doh, badilisha zote nne. Usichanganye mbili za theluji na mbili za kawaida, gari itakugeukia kwa kona.

Ukiwa hapo chini, tafuta pia herufi DOT na namba nne za mwisho. 2319 inamaanisha taya ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taya ya mtumba inaweza kuwa nzee kuliko vile inakaa. Halafu upepo: jamaa wa petroli akiuliza "ngapi?", usiseme 35 juu ndio umezoea kusikia. Fungua mlango wa dereva, kuna stika. Za Japani huandikwa kwa kPa, na 220 ni kama 32 ile ya mashine yetu.

Betri na waipa sitaongea sana. Betri ikisumbua asubuhi, ipeleke ipimwe, usingoje ikuache Burnt Forest. Waipa ikichora mistari kwa kioo, nunua ingine.

Kioo kikijaa mvuke, washa AC

Najua AC unaiweka ya joto la Mombasa. Lakini AC hukausha hewa. Iwashe pamoja na joto, elekeza upepo kwa kioo cha mbele, na ufungulie hewa ya nje badala ya kuzungusha ile ya ndani mnayopumulia. Dakika chache, kioo ni safi. Julai moja nilitoka Nakuru na Vitz ya beshte nikipangusa kioo na mkono wa sweta, kutoka Mau Summit mpaka Burnt Forest, mkono mmoja tu kwa usukani. Kibonyezo cha AC kilikuwa pale mbele yangu safari yote.

Ndani ya ukungu

Zima fulu. Mwanga unagonga matone unakurudia usoni, unaona ukuta mweupe tu. Tumia dimu, na zile taa za chini za ukungu kama unazo. Na tafadhali, wacha hii tabia yetu ya kuwasha hazadi huku unaendelea kuendesha. Aliye nyuma hajui kama umesimama ama unaenda, na ukitaka kukata kona indiketa yako haisomeki. Hazadi ni ya gari imesimama.

Umbali wa gari ya mbele pima na nguzo: ikiipita, hesabu. Lami kavu, angalau sekunde 2. Ikiwa na maji, 4. Na usukani ukiwa mwepesi ghafla kwa dimbwi, taya zinaelea. Usikanyage breki. Toa mguu kwa mafuta polepole, shika usukani sawa mpaka zishike tena.

Sasa fikiria nani yuko huko mbele. Barabara ya Iten na ya Kaptagat, saa kumi na mbili asubuhi kuna wanariadha wanakimbia pembeni kwa makundi, wengine na jaketi nyeusi. Kuna boda bila taa ya nyuma. Kuna trekta imevuta trela ya mahindi bila rifleta hata moja, imetapakaza matope kwa lami. Hao wote hutawaona mpaka uko juu yao, kwa hivyo mwendo wako uwe ule unaweza kusimama ndani ya umbali unaoona.

Ukielekea Nakuru, baada ya Mau Summit unaanza kuteremka Migaa, Sachangwan mpaka Salgaa. Desemba 31, 2017, basi na lori ziligongana Migaa usiku, watu 36 wakafa. Kwa huo mteremko kuna malori huwekwa nyutro ili kuokoa mafuta, breki zinachemka zinakataa. Wewe shuka na gia ndogo; automatiki tumia L, S au B. Lori ikikujia mbio kwa kioo cha nyuma, usishindane nayo, itolee njia mapema.

Na kama umefika Burnt Forest na hata mstari wa katikati huuoni, ingia kwa petroli, agiza chai na chapo. Mara nyingi kufika saa tatu jua limeanza kuupandisha. Piga simu, waambie utachelewa.