Mkono Uliolegea Broadway

Historia ya magari yasiyo na dereva husimuliwa kama historia ya akili: kompyuta, kamera, ramani. Mimi naona tunaanzia pahali pabaya. Kabla gari halijapata akili lilihitaji mkono, na mkono ndio uliosumbua kwanza.

Twende 1898, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Nikola Tesla ameweka kimashua kwenye kidimbwi na anakiendesha bila kukigusa. Ukisoma hataza yake, namba 613,809 ya tarehe 8 Novemba mwaka huo, unaona ujanja ulipokuwa. Wimbi la redio ni dhaifu mno, halina nguvu ya kusukuma chochote. Kazi yake ni kufunga swichi tu. Betri iliyo ndani ya mashua ndiyo inayozungusha mota ya usukani. Si unajua makanga anavyogonga bodi ya matatu? Gari haliondoki kwa nguvu ya kiganja chake. Yeye anatoa habari, mafuta yanakanyagwa na mwingine.

Leonardo Torres Quevedo wa Uhispania alichukua wazo hilohilo la kugonga akalipa hesabu. Mtambo wake, Telekino wa 1903, ulisogea hatua moja kwa kila pigo la redio, kisha ukatekeleza amri iliyokuwa kwenye hatua uliposimama. Mapigo kadhaa, kata kushoto, ukiongeza, simama. 1904 aliufunga kwenye kigari cha magurudumu matatu, akakiendesha akiwa mita 20 hadi 30 kando. Ni umbali mdogo, lakini hapo ndipo rimoti ilipokanyaga ardhi.

Sasa Julai 1925, tena New York. Francis Houdina na kampuni yake wamechukua gari la kawaida la Chandler, wakalifunga antena juu na mota ndogo za umeme ndani: hii ya usukani, ile ya mafuta. Gari la pili linafuata nyuma likituma ishara. Barabara ni Broadway, mchana, watu kibao.

Redio ilifanya kazi. Kilicholegea ni pale mtambo uliposhika mhimili wa usukani. Gari likaanza kuyumba kushoto na kulia, likapita Columbus Circle, likashuka Fifth Avenue likikosa kidogo kugonga malori mawili na mkokoteni wa maziwa. Houdina aliurukia usukani, akachelewa. Chandler likagonga gari lililojaa wapiga picha, yaani walewale walioitwa kushuhudia muujiza. (Mwezi huohuo mwanamazingaombwe Harry Houdini aliivamia ofisi ya kampuni hiyo akavunja fanicha, ati wanatumia jina lake. Ulikuwa mwezi mrefu kwa Houdina.)

Nakaa sana kwenye hii ajali kwa sababu watu huicheka kama kichekesho cha zamani, kumbe swali lake bado linaishi: amri ikifika salama na mkono ukose kushika, nani anabeba lawama? Aliye nyuma na rimoti aliona kila kitu na hakuweza lolote. Mwenye mkokoteni wa maziwa hakuulizwa kama anataka kuwa sehemu ya majaribio.

Miaka kumi baadaye Waingereza waliligeuza swali kwa ukatili kidogo. Queen Bee ya 1935, iliyotokana na ndege ya Tiger Moth, ilirushwa kwa redio bila rubani ndani. Ilitengenezwa ili wapiga mizinga waifanyie mazoezi. Ikianguka, hakuna wa kuzikwa.

Leo ule mkono umeshuka bei hadi Grogan. Ni kimota cha loki ya mlango: kasha la plastiki, nyaya, na kifimbo kinachosukuma na kuvuta sentimita chache. Unaweza kukifunga kwenye gari kuukuu lililozaliwa na funguo tu, ukaongeza kisanduku cha redio, basi limekuwa la rimoti. Wateja huuliza kuhusu rimoti: inafika mbali kiasi gani, ina taa? Fundi aliyenifungia vyangu alisukuma kila kifimbo kwa kidole kwanza, akasikiliza, akakataa kimoja. Kisha akakaza skrubu za vile vingine mara mbili. Rimoti hakuigusa mpaka mwisho kabisa.