Reli Kwanza, Kichwa Baadaye

Katika insha hii ninaeleza kwa nini anayeanza kukusanya treni ndogo za mfano achague upana wa reli kabla ya kichwa cha treni. Mimi nilinunua kichwa kwanza; nilipopata reli, magurudumu yake hayakukaa, na akiba yangu ikawa imepotea bure. Historia ingenionya. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara mjini Leipzig, Ujerumani, kampuni ya Märklin ilionyesha treni zenye vipimo maalumu vya reli, ambazo mnunuzi aliweza kuongeza vipande kidogo kidogo. Mwaka 1935 ikatoa treni za umeme za reli ya milimita 16.5, upana unaotumika hadi leo. Kwa hiyo, kwangu kifaa bora ni kile kitakachoungana na cha kesho.