Eksi si Msalaba

Siku mbili tatu kabla ya sikukuu, sebule nyingi za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, hubadilika sura. Vitambaa vilivyolala kabatini hutolewa, vikafuliwa, vikatiwa wanga na kupigwa pasi. Kimoja hufunika televisheni, vingine huvikwa migongoni mwa makochi, na kile kirefu hutandikwa katikati ya meza. Vingi ni vya kufuma. Vingine ni vya kudarizi: maua, ndege wawili wanaotazamana, maneno ya kumkaribisha mgeni. Na mara mojamoja, kati ya hivyo vya kudarizi, hutokea kimoja ambacho ukiinama kukitazama unakuta ua lake limejengwa kwa alama ndogondogo za X, safu juu ya safu, kila moja sawa na mwenzake.

Kazi hiyo haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Anayeijua kwa vitabu vya kigeni huiita krosistichi. Mfasiri mwenye haraka huandika "mshono wa msalaba". Wengine husema tu "ile ya vieksi", kisha hucheka kidogo kana kwamba wamekosea. Kwa maoni yangu hao ndio waliopatia, lakini kulionyesha hilo kunataka kwanza tuifuate sindano inapopita.

Kufuma ni kutengeneza kitambaa chenyewe kutokana na uzi, kwa kulabu au kwa sindano ndefu mbili. Kudarizi ni kukikuta kitambaa kimekwisha kuwa kitambaa, ukakiongezea pambo kwa uzi wa rangi. Udarizi tuliouzoea huanza na penseli: fundi huchora ua juu ya shuka au foronya, au hulinakili kwa karatasi ya kaboni, halafu hufuata mistari. Mashuka ya namna hiyo ni biashara inayojulikana. Mama hudarizi shuka na foronya zake mbili, akamkopesha mwalimu au muuguzi hadi mwisho wa mwezi. Mkono wake una uhuru. Jani moja likizidi kidogo, hakuna atakayejua.

Kwenye vieksi uhuru huo haupo. Juu ya kitambaa hapachorwi kitu. Mchoro uko pembeni, kwenye karatasi ya vyumba kama ya daftari la hesabu, na kila chumba chenye rangi ni eksi moja. Kitambaa nacho lazima kiwe na nyuzi zinazohesabika, za kusimama na za kulala zikiwa na unene mmoja, ili vyumba vyake viwe mraba. Tetroni na popilini hazifai, zimebana mno. Ng'ambo hutumia kitambaa maalumu kiitwacho Aida, ambacho mara nyingi hubeba eksi 14 katika kila inchi. Anayejifunza Korogwe anaweza kuanzia kwenye kipande cha gunia la katani, ambalo matundu yake yanaonekana bila miwani. Katani yenyewe iliingia Tanga mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, ikaja kuyatawala mashamba ya Korogwe. Juu ya gunia pambo hutoka kubwa na la kukwaruza, lakini mkono hujifunza kuhesabu.

Sindano hutoka chini kwenye kona moja ya chumba, ikazama kwenye kona inayoikabili kwa mshazari. Hiyo ni nusu. Kisha hutoka kona ya tatu na kuzama kona ya nne, juu ya uzi wa kwanza. Hapo eksi imetimia. Kanuni moja haina msamaha: nusu ya juu ilale upande uleule kwenye kitambaa kizima. Ukichanganya, mwanga huangukia nyuzi kwa namna mbili na ua huonekana limechafuka, ingawa rangi ni ileile. Uzi haufungwi fundo mwanzoni. Mkia wake hubanwa kwa nyuma chini ya mishono inayofuata, la sivyo fundo litavimba pasi ikipita. Uzi wenyewe pia unataka kujuliwa: ule wa DMC, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1746 huko Mulhouse, ambako leo ni Ufaransa, huuzwa katika vifungu vya mita 8, na ndani yake mna nyuzi nyembamba 6 zinazochambulika. Kwa Aida ya 14 fundi huchambua mbili tu. Anayezitia zote 6 hupata kitambaa kigumu kama kadibodi.

Hesabu haiishii kwenye kitambaa. Mchoro wenye vyumba 70 kwa upana na 98 kwa urefu hutoa pambo la inchi 5 kwa 7 juu ya Aida ya 14. Ukijaza kila chumba umeshona eksi 6,860, na kwa kuwa kila eksi hupitisha sindano kitambaani mara nne, umeipitisha mara 27,440. Hamishia mchoro huohuo kwenye kitambaa cha eksi 11 kwa inchi, nawe unapata pambo la karibu inchi 6.4 kwa 8.9 bila kugusa hata chumba kimoja cha mchoro. Kwa hiyo hapa pana vitu viwili vinavyodai majina. Kuna mshono, yaani zile nyuzi mbili zinazolaliana kwa mshazari. Na kuna sanaa nzima ya kuhamisha mchoro wa vyumba hadi kwenye kitambaa kwa kuhesabu. Hiyo ya pili ningeiita darizi ya kuhesabu. Ubishi uko kwenye ya kwanza.

Neno la Kiingereza ambalo mfasiri huligeuza "msalaba", yaani cross, linafanya kazi nyingi, na Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa maneno tofauti. Winga hupiga krosi. Barabara mbili zikikutana ni njia panda. Serikali ikitaka kuzungumzia jinsia, mazingira na UKIMWI kwa pumzi moja husema masuala mtambuka. Msalaba umebaki na kazi yake: ni mti uliosimama, una mkono wa kulala, na kuna aliyetundikwa juu yake. Atakayenijibu kwa Msalaba Mwekundu namkubalia, lakini amenisaidia, maana alama ya chama hicho ni msalaba kwelikweli, wima wake wima, na ndiyo maana katika nchi nyingi za Kiislamu huwekwa Hilali Nyekundu mahali pake. Kinachoshonwa kwenye kitambaa hakijasimama wima. Kimelala pande zote mbili.

Ukikaa Handeni unaona kwa nini hili si ubishi wa wanakamusi peke yao. Waislamu ni wengi huko, na Korogwe familia moja huweza kuwa na Abdallah na Yohana ndani ya ukoo mmoja wa Kizigua au Kibondei. Mama anayedarizi kitambaa cha Idd hana sababu ya kuambiwa kwamba ameshona misalaba 6,860. Huenda asikasirike, ila jina litakuwa limemsingizia. Tena linamsumbua hata Mkristo. Nenda kwenye makanisa ya Kianglikana yaliyotokana na misheni ya Kiingereza ya UMCA, kama Kideleko na Kwamkono, utazame nguo za altare: msalaba upo, umedariziwa, na kila mtu anajua ndio. Siku fundi atakapoujaza kwa vieksi, mfasiri wetu itabidi aandike msalaba ulioshonwa kwa mshono wa msalaba, na msomaji ajitafutie mwenyewe upi ni upi.

"Mshono mtambuka" lingefaa kwa maana, sina ugomvi nalo. Kasoro yake ni harufu: linanukia semina, chati ya karatasi kubwa ukutani na posho ya nauli. Eksi nayo ina historia yake mbaya. Mwalimu huiweka kwenye jibu lisilo sahihi, na aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara anaijua ile nyekundu inayopakwa ukutani kabla ya tingatinga. Hata hivyo ni alama ambayo kila aliyevuka darasa la kwanza anaweza kuichora, inasema umbo lilivyo, na haimuulizi mtu dini. Kwa hiyo: mshono wa eksi, na kwa mazungumzo, vieksi.

Kuna njia ya tatu ambayo ningeitamani kama tungekuwa tumeirithi. Wapalestina wana udarizi wa vieksi unaopamba nguo za wanawake tangu zamani, na UNESCO iliuorodhesha mwaka 2021 katika urithi wa utamaduni usioshikika. Huuita tatrizi. Neno hilo ni ndugu wa damu wa tarizi yetu, ambayo kamusi za pwani zimeiweka karibu na darizi. Maana yake ni kupamba nguo kwa uzi, basi. Umbo la mshono halitajwi popote. Mahali ambapo vieksi ndivyo udarizi wenyewe, hakuna haja ya kuvitenga kwa jina. Kwetu vimekuja vikakuta maua ya penseli yameshakaa.

Kazi ya pili inayotafuta jina, ambayo ng'ambo huenda sambamba na vieksi, ni ile ya kubandika tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba au kijazio katikati, kitambaa cha chini, vyote vikashikanishwa kwa bandi zinazopita mwanzo hadi mwisho. Kamusi zina neno zuri la zamani, mfarishi, na linafaa kwa kitu cha kulalia au kujifunika. Lakini mfarishi wa ukutani? Mfarishi wa inchi 10 wa kuwekea birika? Jina limevunjwa mgongo. Korogwe, kwenye joto la bonde la Pangani, hakuna anayehitaji kujifunika tabaka tatu. Hilo tuwaachie watu wa Lushoto, milimani kwenye baridi. Kinachoshonwa hapa kwa namna hiyo ni pambo, na pambo hilo naona liitwe kwa muundo wake: kitambaa cha tabaka. Ukitaka kumweleza mzee asiyeelewa, mwonyeshe kofia yake ya viua. Ni tabaka mbili za kitambaa zilizoshikanishwa kwa mishono midogo isiyohesabika, zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi. Ameivaa miaka yote bila kuambiwa kwamba kichwani ana kazi ya tabaka.

Upande wa juu wa kazi hiyo mara nyingi huungwa kwa vipande vya rangi mbalimbali, na mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani wa Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, hayana mwisho. Hapa wafasiri huogopa neno kiraka kwa sababu linakumbusha suruali ya shida. Nawaelewa, ila wameacha kusikiliza mpira. Mchezaji kiraka ni yule anayecheza beki leo na kiungo kesho, na kocha humtafuta kwa hela. Neno limeshajisafisha lenyewe. Kazi ya viraka litumike bila aibu.

Limebaki neno linaloonekana jepesi kuliko yote: mapambo "ya msimu". Vitabu vya michoro vya ng'ambo hupangwa kwa misimu minne: boga la Oktoba, theluji ya Desemba, yai na sungura wa machipuko. Fasiri hiyo neno kwa neno na umempa mtu wa Handeni kitu kingine kabisa. Msimu kwake ni wa mahindi, au wa machungwa ya Kabuku na Mkata. Majira ni masika, vuli, kiangazi, kipupwe, na hakuna anayepamba kochi kwa sababu vuli imeanza. Vuli ikianza watu wanakwenda shambani. Pambo hufuata sikukuu. Mapambo ya sikukuu ndilo jina, na mchoro wa theluji ubaki kwa wenye theluji.

Pana mahali pamoja tu ambapo nguo hubadilishwa kwa majira, nako ni kanisani: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani siku nyingine nyingi. Hayo huitwa majira ya Kanisa, na fundi wa nguo za altare ana haki kamili ya kusema anadarizi kwa majira. Aliye sebuleni hana.

Hata neno "Desemba" halisaidii. Krismasi haihami, lakini Idd hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo huzunguka miezi yote. Mwishoni mwa mwaka 2000 Krismasi na Idd el-Fitri zilipishana siku mbili hivi, na nyumba yenye ndugu wa dini zote mbili ilitandika vitambaa mara moja tu kwa sikukuu zote mbili. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena, mwezi ukiandama kama unavyohesabiwa, takriban tarehe 26 Desemba. Atakayekuwa ameandika "mapambo ya Desemba" kwenye kibandiko cha bei atalazimika kumweleza kila mteja ni yapi.