Utumaji wa Data kwa Wapokeaji Wengi katika Mitandao Isiyotumia Waya: Historia Fupi, 1971–2021

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya kutuma data kwa wapokeaji wengi kwa wakati mmoja katika mitandao ya eneo dogo isiyotumia waya. Hoja yake ni kwamba udhaifu wa huduma hiyo haukutokana na tabia ya redio pekee, bali pia na uamuzi uliofanywa katika sanifu ya mwaka 1997.

1.0 Usuli
Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuendesha ALOHAnet, mtandao wa kompyuta uliotumia redio. Kifaa kilichotuma pakiti kilisubiri taarifa ya mapokezi. Isipofika, kilituma tena baada ya muda wa nasibu. Kanuni hiyo ilifaa kwa kuwa mpokeaji alikuwa mmoja.

Agosti 1989, Steve Deering alichapisha hati ya RFC 1112, iliyoweka utaratibu wa kutuma kwa kundi katika intaneti: mtumaji hutoa nakala moja, nao mtandao huifikisha kwa wanachama wote. Katika waya, ambamo pakiti hupotea kwa nadra, utaratibu huo uliokoa nafasi.

2.0 Uamuzi wa 1997
Sanifu ya IEEE 802.11 ilipotolewa mwaka 1997, fremu iliyoelekezwa kwa kifaa kimoja ilidai taarifa ya mapokezi, ilhali ile ya kundi haikudai. Sababu ilikuwa wazi: wapokeaji wote wakijibu kwa pamoja, majibu yao yangegongana hewani. Matokeo yake, fremu ya kundi ikipotea, mtumaji hajui. Aidha, ili hata mpokeaji aliye mbali aipate, fremu hiyo hutumwa kwa kasi ya msingi, ambayo mara nyingi ilikuwa megabiti 1 au 2 kwa sekunde.

Gharama yake ilidhihirika baadaye, kasi ya kawaida ilipofikia megabiti 54 mwaka 2003. Pakiti ya baiti 1,500 hushika hewa kwa milisekunde 12 ikiwa kasi ni megabiti 1, lakini kwa takribani milisekunde 0.22 ikiwa kasi ni 54, bila kuhesabu muda wa maandalizi. Kwa hiyo, nakala kumi za mmoja mmoja zaweza kumalizika kabla ya nakala moja ya kundi. Wapokeaji wakiwa mia mbili, hesabu hugeuka.

3.0 Marekebisho
Nyongeza ya 802.11aa ya mwaka 2012 iliruhusu kurudia fremu za kundi, na pia kuwaomba wanachama taarifa za mapokezi kwa zamu. Hata hivyo, hati ya RFC 9119 ya mwaka 2021 bado iliorodhesha matatizo yaleyale ya upotevu na kasi ndogo.

4.0 Hitimisho
Historia hii inawahusu washauri wa sera moja kwa moja. Taasisi inayotaka kurusha somo moja kwa ukumbi mzima isitosheke na kasi ya juu iliyoandikwa kwenye kifaa. Zabuni itaje idadi ya wapokeaji, kasi ya msingi itakayowekwa, na njia ya kurudia fremu zilizopotea. Lisiposemwa hilo, wanaokaa mbali na kituo cha kurushia ndio watakaokosa somo, na mtandao hautamwarifu yeyote.