Kuume ao Kushoto: Habari ya Njia na Motokari

Kila mmoja wetu aliyekwisha kuvuka mpaka wa Kasindi ao wa Bunagana kwenda Uganda ameona jambo hili: upande wa Kongo motokari zinafuata mkono wa kuume, lakini ukiisha kupita kizuizi cha duane, mara zote zinafuata mkono wa kushoto. Shofere aliyezoea njia zetu hukaza macho, na mwenye kwenda kwa miguu hutazama upande usiofaa. Basi tunauliza: nani aliyeweka amri hizi mbili? Habari yenyewe ni ndefu, na ndani yake mna mafundisho yanayogusa uzima wetu.

Haja ya kugawanya njia ni ya zamani kuliko motokari. Katika mwaka 1300 Baba Mtakatifu Bonifasi VIII alitangaza Yubile, na mahujaji wengi mno wakafika Roma. Mshairi Dante anasimulia ginsi watu wa Roma walivyowapanga juu ya daraja: wanaokwenda kwa Mtakatifu Petro walishika upande mmoja, na wanaorudi upande wa pili. Hapo tunaona maana ya kwanza ya sheria ya njia. Kuume si kwema kuliko kushoto, wala kushoto si kubaya. Lililo jema ni watu wote wapatane.

Lakini kila inchi ilipatana namna yake. Waingereza waliandika katika sheria ya mwaka 1835 kwamba magari yafuate mkono wa kushoto. Wafaransa na Wabelgiji walishika kuume. Walipotawala Afrika, kila mmoja alileta desturi ya kwao. Ndiyo sababu Kongo, inayozungukwa na inchi tisa, ina jirani watatu wanaofuata kushoto, yaani Uganda, Tanzania na Zambia, na wale sita wengine wanafuata kuume kama sisi. Nigeria na Ghana, zilizotawaliwa na Waingereza, zilijiona katikati ya jirani wanaofuata kuume. Basi Nigeria ikageuza njia zake mwaka 1972, na Ghana mwaka 1974.

Tazameni sasa habari ya Uswidi, inchi ya kaskazini ya Ulaya. Waswidi walifuata kushoto, lakini jirani zao wa Norway na Finland walifuata kuume. Tena motokari nyingi za Waswidi zilikuwa na usukani upande wa kushoto, kama zile zinazofaa inchi za kuume. Basi shofere alikaa karibu na ukingo wa njia, na alipotaka kupita kamio iliyo mbele yake hakuweza kuona kinachokuja. Watu walikufa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, serkali ilipowauliza wananchi katika mwaka 1955, watu 83 katika kila 100 walikataa kugeuza. Desturi ni kama nyumba ya zamani: hata ikivuja, mwenyewe haipendi kuihama.

Mwaka 1963 bunge lao liliamua kugeuza, na siku ikawekwa: Jumapili, tarehe 3 Septemba 1967. Vibao vya njia viligeuzwa, mabasi mengi yakatobolewa milango upande wa pili, na mengine yenye milango ya kushoto yakauzwa Pakistan na hata Kenya, kwa sababu huko yalifaa. Usiku ule karibu motokari zote zilikatazwa kutembea. Chache zilizoruhusiwa zilisimama saa kumi na dakika hamsini, zikavuka polepole upande wa pili, zikangoja. Ilipolia saa kumi na moja alfajiri, zikaendelea kwa mkono wa kuume.

Wengi walitazamia maafa. Kumbe ajali zilipungua! Si kwa sababu upande wa kuume una dawa fulani. Ni kwa sababu kila mtu alikuwa na hofu, akaenda polepole na kumwangalia mwenzake. Halafu watu wakazoea, hofu ikaisha, na kisha miaka miwili ajali zikarudi kama kwanza.

Samoa, inchi ya visiwa vya bahari ya Pasifiki, walifanya kinyume. Wao walifuata kuume, lakini ndugu zao wengi wanakaa Australia na New Zealand, kunakofuatwa kushoto, ambako motokari zilizokwisha kutumika zapatikana kwa bei nafuu. Basi serkali iliona ni afadhali njia ifuate motokari, na tarehe 7 Septemba 2009, saa kumi na mbili asubuhi, inchi nzima ilihamia kushoto. Wengi walinung'unika, hasa wenye mabasi, kwa kuwa milango yao ilielekea sasa katikati ya njia.

Na sisi je? Motokari nyingi zatufikia kutoka Japani, zikipita Mombasa na Dar es Salaam. Japani wanafuata kushoto, kwa hiyo usukani wake uko kuume. Zinauzwa kwa bei ambayo mwalimu ao mchuuzi aweza kuipata, na bila hizo wagonjwa wengi wangebebwa bado kwa machela. Hiyo ndiyo faida, wala tusiidharau.

Lakini hasara ni ile ile ya Waswidi. Shofere haoni mbele ya kamio mpaka motokari yake imekwisha kutoka karibu yote katikati ya njia. Usiku taa zake, zilizotengenezwa kuangaza ukingo wa kushoto, zinampiga machoni anayekuja. Mlango wa basi dogo unafunguka upande motokari zinakopita. Sisi wenyewe tulikuwa ndani ya basi la namna hiyo siku moja ya soko. Mtoto alishuka kwa furaha, na mama yake alimshika nguo kwa nyuma wakati kamio ilipokuwa inapita. Tulinyamaza wote mpaka mwisho wa safari.

Kugeuza njia za inchi kubwa kama Kongo si kazi ndogo, na jirani wengi wanafuata kuume kama sisi. Kukataza motokari hizo zote kungewaumiza maskini kwanza. Basi mpaka serkali itakapokata shauri lililo jema, tushike yanayowezekana leo. Ninyi mashofere wa motokari hizo, badilisheni taa. Msipite kamio pahali msipoona, hata kama abiria wanapiga kelele za haraka. Tena mkisimama, konda ashuke wa kwanza, aangalie njia, ndipo awape watu ruhusa. Na ninyi wazazi, wafundisheni watoto kungoja ruhusa hiyo.

Sheria inatuonyesha upande wa kushika. Lakini asubuhi ile ya mwaka 1967 Waswidi hawakuokolewa na upande. Waliokolewa na uangalifu, na ulipoisha, vifo vilirudi.