Troponini ya Wuhan

Mwishoni mwa Januari 2020, Hospitali ya Renmin mjini Wuhan ilifurika wagonjwa wa homa, kikohozi na pumzi za shida. Ugonjwa huo mpya wa korona ulikuwa wa mapafu, ndivyo kila mtu alivyoujua. Lakini katika damu yao madaktari walipima pia troponini, protini ya msuli wa moyo. Moyo ukiwa mzima, protini hiyo huwa kidogo sana katika damu. Chembe za msuli zikiumia, huvuja.

Kati ya wagonjwa 416 waliolazwa kuanzia tarehe 20 Januari hadi 10 Februari, 82 walikutwa na troponini iliyopanda. Kati ya hao 82, walikufa 42. Kati ya wale 334 waliobaki, walikufa 15. Ni kweli kwamba wengi wa walioumia moyo walikuwa wazee, tena wenye shinikizo la damu. Hata hivyo, umri na maradhi hayo vilipozingatiwa katika hesabu, pengo halikuzibika.

Nani basi aliyeuumiza moyo? Virusi vya ugonjwa huo wa korona huingia ndani ya chembe kwa kujishika kwenye protini iitwayo ACE2, nayo imo mapafuni, imo moyoni, imo hata kwenye mishipa ya damu. Huenda virusi vilishambulia msuli wenyewe. Huenda pia uliponzwa na upungufu wa oksijeni, au na kinga ya mwili iliyopandwa na hasira kupita kiasi. Aprili, madaktari wa Zurich walieleza kwamba wameona virusi na uvimbe katika utando wa ndani wa mishipa ya damu. Mishipa iliyoumia hivyo hugandisha damu kwa urahisi.

Mwezi huohuo, mjini Hamburg, wataalamu walichunguza mioyo ya marehemu 39, wengi wao wazee waliouawa na nimonia. Kwa maoni yangu, hakuna kazi ya mwaka ule iliyostahili kusomwa kwa utulivu kuliko hii. Virusi vilipatikana katika mioyo 24, na katika 16 kati yake vilikuwa vingi. Ajabu ni kwamba msuli haukuwa na uvimbe mkali uliotarajiwa, na virusi vyenyewe vilionekana kukaa katikati ya chembe za msuli, si ndani yake. Kwa hiyo kuwapo kwa virusi moyoni hakukutosha kueleza madhara yote.

Waliopona nao walikuwa na lao. Februari 2022, Ziyad Al-Aly na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanajeshi wastaafu 153,760 waliofuatiliwa mwaka mzima baada ya kuugua. Hatari ya moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo ilizidi kwa asilimia 72 ile ya wenzao ambao hawakuugua, na ya kiharusi kwa asilimia 52. Waliolazwa ndio walioathirika zaidi, lakini hatari ilipanda hata kwa wale waliouguzwa nyumbani.