Mirambo alipolifunga soko la pembe

Mwaka 1871 pembe za ndovu zilikuwa Manyema na Ujiji, wanunuzi walikuwa Unguja, na katikati yao alisimama Mtemi Mirambo wa Urambo. Alitaka ushuru wake. Alipokosana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia. Waarabu walitoka kumpiga, wakashindwa. Agosti akaingia mjini, sehemu yake ikateketea, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa matajiri wa pale, akauawa. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwako, ilimbidi azunguke kusini kupitia Ukonongo kwenda kumtafuta mpelelezi David Livingstone Ujiji.

Vita vile vilikuja wakati bei iko juu mno. Kati ya miaka ya 1820 na miaka ya 1870, bei ya frasila moja ya pembe (kilo 16 hivi) ilipanda Unguja zaidi ya mara tatu. Ulaya na Marekani walizitaka kwa piano, mipira ya biliadi, vitana na mipini ya visu. Huku bara tembo walikuwa wakimalizwa, misafara ikasogea mbali zaidi kila msimu.

Bei ya pembe ilikuwa nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ilikuwa mali ya kuzinunulia, nayo ilitikisika vilevile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliifanya merikani, yaani kitambaa cha pamba cha Marekani, iadimike Unguja, na nguo za Uingereza na India zikashika nafasi yake. Shanga ndizo zilikuwa kamari hasa. Stanley aliandika kwamba shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo zilikataliwa kwingine, na nyeupe zilizopendwa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Aliyekosea rangi alibebesha wapagazi mzigo usio na mnunuzi hata mmoja.

Na habari zilitembea kwa miguu. Msafara uliokwenda vizuri ulichukua miezi mitatu hivi kutoka pwani hadi Tabora. Ule wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke mwaka 1857 ulichukua zaidi ya minne. Tajiri wa Tabora aliweka bei kwa habari zilizokwisha kuchakaa.

Mbona basi watu hawakuacha? Kwa sababu mtaji haukuwa wao. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora na kumuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, alikopa mali kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Alifanikiwa, ndiyo maana tunamkumbuka. Wengi walikaa bara miaka na miaka kwa sababu deni liliwasubiri pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyelipwa kwa nguo na shanga, hakuwa na sauti katika bei yoyote kati ya hizo.

Mirambo hakuichukia biashara. Amani iliporejea aliendelea kuuza pembe zake pwani, mpaka alipofariki mwaka 1884. Baadaye habari ziliacha kutembea kwa miguu: reli ilifika Tabora mwaka 1912. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi Aprili 1998 na hisa za kampuni moja tu, TOL, na leo mkazi wa Tabora anaona bei za soko hilo kwenye simu siku hiyohiyo. Lakini deni ni lilelile: ukishawishika kukopa ili ununue hisa ambayo bei yake imevunja rekodi, uliza kwanza njia ikifungwa nani atalipa.